Lina Namba ya Mali?

Mradi wetu ulikuwa kupata ua lenye kromosomu (vibeba-urithi vya seli) maradufu, na mambo ya maabara yalikwenda vizuri. Vipande vya jani la Saintpaulia, ua la milima ya Usambara, vilioshwa dakika 10 kwa Jik sehemu moja na maji sehemu nne, pamoja na tone la sabuni. Jani lina vinyweleo. Bila sabuni hewa hunasa humo, na ukungu unapona. Kisha saa 24 gizani ndani ya orizalini ya mikromola 20, iliyoyeyushwa kwanza kwenye kiyeyusho kiitwacho DMSO (maji matupu haiyataki) na kupitishwa kwenye chujio la mikroni 0.22. Dawa hii ya magugu huzuia nyuzi zinazovuta kromosomu zisijengeke. Kromosomu zimeshajirudufu, seli haigawanyiki, 30 zinakuwa 60.

Tatizo ni kwamba mche uliofanikiwa una sura ya mgonjwa: mfupi, majani manene yaliyokunjamana, unakua kwa kusuasua. Ukipaka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, ukaibandua na kuiweka kwenye hadubini, stomata, vitundu vya jani vya kupitishia hewa, ni kubwa na chache. Hapo unafurahi: ni dalili kwamba dawa imeshika. Tukaipeleka miche kitaluni.

“Mwanangu,” mzee wa kitalu akanipokea, “ile yenye ugonjwa nimeing’oa isiambukize wenzake. Hii mizuri nimeitia mbolea.”

Hiyo mizuri ndiyo iliyogoma dawa, kila mmoja na kromosomu zake 30, imependeza kama waombaji kazi siku ya usaili. Nikamwambia shikamoo mara ya pili, maana maneno mengine yalikataa kutoka.

Jalalani hapakuwa na kitu. Miezi baadaye, dirishani kwa mhasibu, nikaona kopo la siagi na ua lenye petali pana, nene. Alikuwa ameuokota mche kwa huruma.

“Mama, hili ni la mradi.”

“Lina namba ya mali?”

Halina.

“Basi si la mradi.”

Nikaomba jani moja tu lenye kikonyo. Mimea hii mara nyingi hutoka na seli za 30 na za 60 zimechanganyika, lakini chipukizi la Saintpaulia huweza kuanza na seli moja ya ngozi ya jani, kwa hiyo machipukizi ya jani moja yanatosha kuchambua yenye 60 tupu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akavuta droo, akatoa fomu ya stoo, akaandika: “Jani, kijani, moja.” Akainua kalamu.

“Utalirudisha lini?”