Rafiki wa Kufa Asiyeruhusiwa Kuzika

Waswahili tuna kipimo chetu: rafiki wa kweli ni wa kufa na kuzikana. Kwa kipimo hicho Obierika, sahibu yake Okonkwo katika Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), riwaya tunayoifahamu kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena, ameshindwa. Okonkwo anajitia kitanzi, na Obierika hamziki. Wala si mara ya kwanza kumgeuka. Hata hivyo kila nikiirudia riwaya hii nazidi kumpenda, ingawa aibu zake siwezi kuzifunika.

Chukua usiku ule wa mazishi ya mzee Ezeudu. Bunduki ya Okonkwo inalipuka na kumuua mtoto wa marehemu, kijana wa miaka 16. Hukumu ya Umuofia, kwao Okonkwo, ni kwamba ahame, akakae ujombani kwake Mbanta miaka 7. Usiku huohuo marafiki wanabeba viazi vikuu vyake kwenda kuvihifadhi ghalani kwa Obierika. Kulipopambazuka, wanaume waliovaa mavazi ya vita wanavamia boma la Okonkwo, wanachoma nyumba, wanabomoa kuta, wanaua mifugo. Obierika yumo.

Wanaomtetea husema hawakuwa na chuki, walikuwa wakiitakasa ardhi iliyonajisiwa, na hilo ni kweli. Baadaye anakaa peke yake akiomboleza, akijiuliza kwa nini mtu ateseke hivyo kwa kosa asilolikusudia. Anawakumbuka hata mapacha wa mkewe, ambao yeye mwenyewe aliwatupa mwituni kwa kufuata mila. Jibu halipati. Wapo wanaoona kwamba maswali hayo ndiyo uaminifu wenyewe. Mimi hayanitoshi, kwa kuwa aliyaweka moyoni na nyumba ya rafiki ilikwisha kuwa majivu.

Moto ule lakini ulikuwa amri ya ukoo mzima. Kinachoniuma zaidi ni kifo cha Ikemefuna, mtoto wa kijiji kingine aliyelelewa kwa Okonkwo na kumwita baba, hadi mungu wa uaguzi wa Umuofia alipoamuru auawe, na Okonkwo mwenyewe akamkata kwa panga. Ni rahisi kudhani kwamba Obierika ndiye aliyemwonya Okonkwo asishiriki. Siye. Aliyekwenda kumwonya mapema ni mzee Ezeudu. Obierika alikataa kwenda na wauaji, akabaki kwake, na neno lake zito, kwamba tendo lile litamchukiza mungu wa ardhi, alilitoa wakati mtoto ameshakufa. Anaongeza kwamba hata mungu huyo angeamuru mwanawe yeye Obierika auawe, asingepinga, ila asingekuwa yeye wa kutekeleza. Hapo namwona mtu aliyejitunzia mikono safi huku rafiki yake akizamisha yake katika damu.

Na bado, ni nani mwingine aliyekuwa naye? Okonkwo, aliyeogopa kuonekana dhaifu kuliko kitu chochote, alipokosa usingizi na chakula kwa ajili ya Ikemefuna, miguu ilimpeleka kwa Obierika. Mtu hapeleki udhaifu wake kwa asiyemwamini. Katika miaka ya Mbanta, Obierika aliviuza vile viazi vikuu, mbegu nyingine akawapa watu wazilime kwa kugawana mavuno, kisha akasafiri kumpelekea fedha, mifuko mizito ya kauri. Nwoye, mwana wa Okonkwo, alipoonekana miongoni mwa wamisionari, Obierika alifunga safari tena kwenda kumwona baba wa kijana. Muda wa kurudi ulipokaribia, Okonkwo alituma fedha za kujengewa vibanda viwili palepale palipoungua. Alizituma kwa mmoja wa waliopachoma, na sioni popote kwamba alisita.

Siku alipopelekewa ile mifuko ya kauri, Okonkwo alisema hajui amshukuru vipi. Obierika akamtania: amuulie mtoto wake mmoja. Hiyo haitoshi, akajibu Okonkwo. Basi jiue, akasema Obierika. Ni utani wa watu walioshibana, lakini ukishaujua mwisho huwezi kuusoma ukacheka.

Mwishoni Okonkwo anamuua tarishi wa serikali ya kikoloni, kisha anajinyonga, na Obierika anamwongoza Mkuu wa Wilaya, Mzungu, hadi kwenye mti ule. Mila inakataza ukoo kumgusa aliyejiua, kwa hiyo anaomba watu wa serikali wamteremshe na kumzika. Hapo ndipo yule mtu wa kupima maneno anapomgeukia Mzungu kwa hasira na kumwambia kwamba huyu alikuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa Umuofia, kwamba ninyi ndio mliomsukuma kujiua, na sasa atazikwa kama mbwa. Sauti inatetemeka, maneno yanamkwama kooni. Tarishi mmoja anamfokea anyamaze, naye alikuwa ameshanyamaza.