Ndege, Mahindi na Jua la Mchana: Hitchcock Hakuzitupa Kanuni

Vijana wanaotengeneza filamu fupi Mbeya na Iringa wakianza kubishana kuhusu filamu za kusisimua, kuna kipande kimoja hakikosi kutajwa: mwanamume wa suti, peke yake barabarani, anakimbizwa na ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Kimo katika North by Northwest, filamu ya mwongozaji Alfred Hitchcock ya mwaka 1959. Hutajwa kama ushahidi, na hoja yenyewe ni hii: filamu ya kusisimua imechakaa kwa sababu ya kanuni zake, yale mambo ya usiku, mvua na kivuli mlangoni, na Hitchcock alipata jina kwa kuzitupa. Basi na sisi tuzitupe.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Ila ushahidi wake, kwa maoni yangu, unatoa ushuhuda wa upande wa pili.

Hitchcock mwenyewe alimweleza François Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, katika mahojiano yaliyofanyika mwaka 1962, jinsi alivyokifikiria kipande hicho. Kwa mazoea, mtu anayepelekwa kuuawa husimamishwa kwenye kona ya mtaa usiku, chini ya taa, barabara imelowa, paka mweusi anapita, uso unachungulia dirishani. Yeye akataka kinyume chake: jua kali, tambarare, hakuna pa kujificha. Anayeifahamu barabara ya TANZAM kati ya Igawa na Chimala, kiangazi, saa saba mchana, uwanda wa Usangu umetandaa na mtu mmoja anasubiri gari, ameshaielewa picha. Hapo ndipo aliposimama Roger Thornhill, mhusika mkuu anayedhaniwa kuwa jasusi, anayeigizwa na Cary Grant. Hadithi inasema ni Indiana, ingawa picha zilipigwa California, karibu na Wasco.

Kuhusu mazoea, vijana wana haki ya kulalamika. Ukungu wa Tukuyu, mteremko wa Kitonga usiku, mbwa anabweka, jamaa kavaa jaketi la kofia: ukishaona vitu hivyo mara kadhaa havikutishi tena. Na kiangazi chetu hakihitaji kuigizwa. Malori ya mafuta yaendayo Tunduma yapo, mahindi makavu ya Mbozi yapo.

Lakini kitazame kinachotangulia ndege. Ndani ya treni iendayo Chicago, Eve Kendall, anayeigizwa na Eva Marie Saint, anamficha Thornhill asikamatwe na polisi. Usiku huohuo mhudumu anapeleka kikaratasi kwenye chumba cha Vandamm, adui mkuu wa hadithi. Eve ndiye aliyekiandika, anauliza amfanyeje huyu mwanamume asubuhi. Wakishuka Chicago, kamera inapita taratibu kwenye vibanda vya simu vya stesheni: kimoja yumo Eve, cha pembeni yumo Leonard, mtu wa Vandamm, na wawili hao wanazungumza wao kwa wao. Hatusikii wanachosema. Kisha Eve anamwendea Thornhill, anamwelekeza apande basi gani na ashukie wapi kwa ajili ya miadi.

Kwa hiyo Thornhill anaposhuka kwenye kile kituo kisicho na kitu, sisi tunajua ametumwa na mtu aliyetoka kuongea na maadui zake. Yeye hajui. Ondoa vibanda vile vya simu ubaki na mwanamume anayejipangusa vumbi kwenye suti. Magari yanapita na kila moja linatushtua. Lori linamwagia vumbi. Mtu mwingine anashushwa na gari upande wa pili wa barabara, wanatazamana kwa muda mrefu bila neno, mikono ya Thornhill haijui iende wapi. Yule mtu anatoa maneno machache, anashangaa kwamba ndege ile ya mbali inanyunyiza dawa mahali pasipo na mazao, kisha anapanda basi lake na kuondoka. Hakuna muziki. Muziki wa Bernard Herrmann unaingia ndege inapoligonga lori la mafuta, yaani hatari ikiwa imekwisha.

Mchana umechukua nafasi ya usiku na shamba limechukua nafasi ya mtaa, lakini mifupa ni ileile ya zamani kabisa: mtu asiye na hatia, miadi ambayo ni mtego, mwanamke asiyeaminika, na mtazamaji anayejua zaidi ya anayewindwa. Hata uwazi wa shamba unatisha kwa sababu tumekuja na orodha yetu ya mazoea kichwani. Tunatafuta kona, hakuna. Tunatafuta kivuli, hakuna. Mtu ambaye hajawahi kuona filamu ya aina hii hatafuti chochote.

Truffaut alipewa pia mfano wa bomu, na huo ndio ninaoona haujathaminiwa vya kutosha huku kwetu. Watu wamekaa mezani wanaongea, chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, likilipuka anapata mshtuko wa sekunde 15. Akijua tangu mwanzo, na saa ipo ukutani, mazungumzo yaleyale yanampa taharuki ya dakika 15. Dakika 15 ni sekunde 900, mara 60 ya zile za kwanza. Najua hofu haipimwi kwa saa, na Hitchcock alikuwa anatoa mfano tu. Bado hesabu hiyo inapaswa kumsumbua kila anayeandika muswada. Maneno ya wale watu mezani hayakubadilika, wala bomu, wala bajeti. Kilichobadilika ni nani anajua nini. Na miswada mingi ya vijana wetu inakwenda kinyume kabisa: siri zote zinafungiwa hadi dakika ya mwisho, ndipo rafiki mpendwa anageuka kuwa muuaji. Sekunde 15, na kabla ya hapo ni kusubiri.

Watazamaji wa vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, huwalaumu watafsiri wanaotangulia kusema, mathalani kwamba "huyu dada keshamuuza". Lawama hiyo mara nyingi ni ya haki. Ila katika North by Northwest mtafsiri asingeharibu kitu kwa kusema hivyo mapema kidogo, kwani filamu yenyewe inajifichua. Kabla haijafika nusu inatuambia kwamba George Kaplan, jasusi ambaye Thornhill anadhaniwa kuwa ndiye, hayupo duniani: ni jina lililobuniwa na wapelelezi wa serikali. Mwenye tamaa ya mshtuko angelificha hilo hadi mwisho.

Stelingi hafi, hilo kila mtoto analijua. Mbona basi tunaogopa? Kwa sababu Thornhill si Willy Gamba wa riwaya za Musiba, mpelelezi aliyefunzwa kazi. Huyu ni mtu wa matangazo ya biashara aliyeinua mkono hotelini wakati usiofaa, akadhaniwa kuwa Kaplan. Tunajua ataokoka, hatujui kwa kutumia nini, maana hana kitu. Baada ya mlipuko anaondoka na pikapu ya mtu, nyuma imepakia friji.

Upande wa wanaotaka kanuni zitupwe una silaha nzito kuliko kipande cha ndege, na nashangaa hauzitumii. Kumwua mtu kwa ndege ilhali risasi moja ingetosha hakuna maana. Siri zinazopiganiwa zimo kwenye filamu ndogo iliyofichwa ndani ya sanamu, na hatuambiwi kamwe ni siri gani. Eve anatumiwa na pande zote mbili, adui na serikali, na kanuni ya mwanamke wa kushukiwa imemnyima nafasi ya kuwa mtu kamili kwa muda mrefu mno. Hapo kanuni imeidhuru filamu, sina utetezi.

Silaha kali zaidi ni Psycho, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, 1960. Nyota wake, Janet Leigh, anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu, na Hitchcock alidai kumbi za sinema zisiwaruhusu watu kuingia filamu ikishaanza. Huyo ni Hitchcock wa mshtuko, anayelinda siri kwa nguvu zote, na mshtuko ule una uzito mkubwa. Lakini uzito huo aliukopa kwa watazamaji walioamini kwamba stelingi hafi. Imani hiyo isingekuwepo, bafuni pangekuwa na kifo cha mhusika mmoja tu.

Naelewa kwa nini kipande cha ndege kinawavutia wasio na fedha. Taa za usiku ni gharama, jua la Igawa ni la bure. Vibanda vya simu vya Chicago navyo si ghali: simu mbili, watu wawili, na kamera inayosogea taratibu toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hicho ndicho kipande ambacho anayekwenda kupiga picha Chimala anakiacha nyumbani.