Luongo, DiPietro na saa ya Islanders: makosa yapi yalikuwa makosa kweli?

Ukikaa na mashabiki wa hoki ya barafu na kuwauliza ni timu gani imewahi kuongozwa ovyo kuliko zote, haupiti muda mrefu kabla mtu hajaitaja New York Islanders, timu ya ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini. Mashtaka yanajulikana. Walimwachia kipa, akaenda kuingia Jumba la Umaarufu. Walimwachia beki wa futi sita na inchi tisa, naye akaingia. Wakampa kipa mwingine mkataba wa miaka 15. Na kabla ya hayo, timu nzima iliwahi kukabidhiwa tapeli. Yote ni kweli. Ila naona hukumu inayotolewa kila mara inachanganya uamuzi uliokuwa mbaya siku uleule ulipofanywa na uamuzi ulioharibikia njiani.

Tukumbuke kwanza walikotoka. Islanders ilianza 1972 na katika msimu wake wa kwanza ilishinda mechi 12 kati ya 78. Ilipofika drafti ya 1973, yaani siku ambayo timu hugawana chipukizi na walioshika mkia huchagua mwanzo, meneja mkuu Bill Torrey alikuwa na nafasi ya kwanza. Montreal walimfuata wakiitaka nafasi hiyo, wakiwa tayari kumpa wachezaji ambao angewatumia mara moja. Timu inayofungwa kila wiki ina kila sababu ya kushawishika. Torrey alikataa, akamchukua beki kijana Denis Potvin, akakaa kusubiri. Alichovuna ni Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, mara nne mfululizo, 1980 hadi 1983, na raundi 19 za mtoano bila kupoteza hata moja, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo. Nimeanza na Torrey makusudi. Karibu kila kosa lililofuata pale Long Island, nyumbani kwa timu hiyo, linahusu kusubiri: nani alisubiri, nani hakusubiri, na nani alisubiri mtu asiyestahili.

Habari ya tapeli niimalize haraka, ingawa ni tamu. Mwaka 1996 mmiliki John Pickett alitaka kuuza, akatokea mfanyabiashara wa Dallas aitwaye John Spano akiahidi dola milioni 165. Ligi ikampitisha. Malipo yalipoanza kudaiwa, palipotakiwa kufika dola milioni 17 zikafika dola 1,700. Palipotakiwa milioni 5 zikafika 5,000. Mfikirie tu mtu wa mahesabu aliyeipokea ile 1,700, anavua miwani, anaifuta, anahesabu sifuri upya. Kumbe utajiri wenyewe haukuwepo, na benki ilikuwa imeshamkopesha milioni 80. Spano akaishia jela, timu ikarudi kwa Pickett. Wengi huliweka tukio hili juu kabisa ya orodha kwa vile linachekesha. Mimi nawaondolea Islanders shtaka hili, maana waliolala usingizi ni ligi na benki.

Mashtaka mazito yanamhusu Mike Milbury, meneja mkuu kuanzia Desemba 1995 hadi 2006. (Enzi zake za uchezaji pale Boston, mwaka 1979, alipanda jukwaani akamchapa shabiki kwa kiatu cha shabiki huyohuyo. Waliomwajiri hawawezi kusema hawakujua wanamchukua mtu wa namna gani.) Ukitaka kumtetea Milbury, anza na jicho lake. Mwaka 1996 timu yake ilimchagua Zdeno Chara, yule beki mrefu, akiwa wa 56, baada ya timu zote kumpita, baadhi yao zaidi ya mara moja. Mwaka 1997 alimchagua Roberto Luongo akiwa wa nne. Ongeza na ukata: baada ya Spano walikuja wamiliki waliobana matumizi, na mwaka 1999 ilibidi mfungaji wake bora, Žigmund Pálffy, aende Los Angeles. Katika mabadilishano hayo alipata kijana wa Kifini, Olli Jokinen, aliyekuwa wa tatu katika drafti ileile ya 1997. Kwa hiyo kufikia kiangazi cha 2000 Islanders walikuwa na wa tatu na wa nne wa kizazi kimoja, wote wana miaka 21, pamoja na Chara aliyekuwa bado anajifunza kuubeba mwili wake juu ya barafu. Timu maskini, lakini ghalani hamkuwa na njaa.

Ndipo ikaja Juni 24, 2000, siku ya drafti mjini Calgary. Islanders walikuwa na nafasi ya kwanza. Milbury aliitumia kumchukua Rick DiPietro, kipa wa miaka 18 kutoka Chuo Kikuu cha Boston, huku washambuliaji Dany Heatley na Marian Gaborik wakingoja zamu. Na kwa kuwa makipa wawili wa baadaye hawatoshi langoni, siku hiyohiyo akampeleka Luongo Florida. Jokinen akaunganishwa humohumo. Kilichorudi ni Mark Parrish na Oleg Kvasha.

Utetezi upo, na usidharauliwe. Luongo alikuwa ameshinda mechi saba tu kati ya 24 alizocheza. DiPietro alikuwa na kitu ambacho makipa wengi hawakuwa nacho: alitoka langoni, akakichukua kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira nyuma ya goli na kukitoa kwa pasi kama beki wa tatu. Parrish naye hakuwa garasa, alifunga mabao 30 msimu wa 2001-02. Zaidi ya hapo, makipa vijana humdanganya kila mtu. Florida waliompokea Luongo nao walimwachia mwaka 2006, akaenda Vancouver, na mchezaji mkubwa waliyepewa ni Todd Bertuzzi, ambaye naye, amini usiamini, ni mwingine ambaye Milbury alikuwa amemuuza zamani.

Pamoja na hayo yote, hili nalihesabu kuwa kosa baya kuliko yote katika historia ya timu hiyo, na sababu yangu haina uhusiano na ushindi wa mechi 489 alioupata Luongo baadaye. Chukua yale tu yaliyojulikana asubuhi ile. Kipa hukomaa taratibu, wengi hufikisha miaka 24 au 25 kabla hujajua umepata nini. Luongo alikuwa bado hajafika huko, na alikuwa amecheza nyuma ya timu ambayo ingemwaibisha kipa yeyote. DiPietro alikuwa nyuma zaidi yake kwa umri. Yaani Milbury aliitupa miaka mitatu ya kusubiri aliyokwisha kuilipia, akaanza kusubiri upya kutoka sifuri, na ili kufanya hivyo akaongeza Jokinen kama kipande cha sabuni dukani ukinunua kilo ya unga. Mwenyewe alikiri siku ile kwamba anacheza kamari. Kamari si dhambi, ila huchezi kwa shamba ambalo mahindi yameshaanza kubeba. Jokinen alimaliza na pointi 750, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2001, akaja Alexei Yashin kutoka Ottawa. Bei yake: Chara, Bill Muckalt, na nafasi ya pili ya drafti ambayo Ottawa walimchukulia Jason Spezza. Kisha Yashin akapewa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 87.5. Hapa najitenga kidogo na wanaozomea. Islanders walikuwa wamekosa mtoano misimu saba mfululizo. Mmiliki mpya, Charles Wang, alikuwa anataka kuwapa watu wa Long Island sababu ya kununua tiketi. Yashin alikuja, akaja Michael Peca, akaja kipa Chris Osgood, na msimu huohuo timu ikarudi kwenye mtoano na kuwafikisha Toronto mechi ya saba, ya mwisho ya raundi. Mtu aliyekuwa na tiketi ya ukumbi wa Nassau mwezi ule wa Aprili 2002 hakuondoka akisema wamekosea. Kwa upande wa wachezaji waliotoka, sawa, bei ilikuwa kali, lakini Chara alikuwa na miaka 24 na Spezza alikuwa jina tu kwenye karatasi. Nisichoweza kukitetea ni ile miaka 10. Juni 2007 waliuvunja mkataba, na gharama ya kuuvunja ikaendelea kula nafasi yao chini ya kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila timu, hadi msimu wa 2014-15.

Sasa tufike kwenye kile ambacho kila mtu anakijua. Kiangazi cha 2006 Milbury aliondoka, Wang akamweka Neil Smith, mtu aliyekuwa ameshawajengea majirani zao, New York Rangers, ubingwa wa 1994. Smith alidumu takriban wiki sita. Aliyekalishwa kwenye kiti chake ni Garth Snow, kipa wa akiba wa timu hiyohiyo, aliyestaafu kucheza na kuwa meneja mkuu papo hapo. Septemba, DiPietro akasaini: miaka 15, dola milioni 67.5.

Wanaoutetea mkataba huo wana hesabu nzuri. Ni milioni 4.5 kwa mwaka, na kikomo cha mishahara kilikuwa kinapanda kila msimu. Baada ya miaka mitano kipa wa kuanza kwa bei hiyo angekuwa kama wa bure. Urefu peke yake hauthibitishi ujinga: Januari 2008 Washington walimpa Alex Ovechkin miaka 13, na hakuna aliyejuta. Katika msimu wa kwanza wa mkataba DiPietro alishinda mechi 32 na timu ikaingia mtoano. Msimu uliofuata aliitwa mechi ya nyota. Kisha nyonga ikagoma, magoti yakafuata, na misimu mitano ya mwisho alicheza mechi 50 kwa jumla. Nani angejua?

Swali hilo lina jibu lake, walau nusu. Maisha ya kipa ni kuanguka na kuinuka kwa magoti mamia ya mara kila wiki, na nyonga zake huzeeka kabla yake. Mkataba wa miaka 15 na mtu wa kazi hiyo ni dau juu ya kiungo kimoja cha mwili. Halafu liko jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Mwaka 2005, ligi iliporudi baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji nje msimu mzima, ilichora nyuma ya goli eneo la umbo la trapeza na kumkataza kipa kukigusa kisahani kwenye kona zilizo nje ya mistari hiyo. Kipaji kile kilichomfanya DiPietro achukuliwe wa kwanza kikapunguziwa thamani kwa kalamu ya kanuni. Mkataba ulisainiwa mwaka mmoja baada ya hapo. Walilipia miaka 15 ya kitu ambacho ligi ilikuwa imeshakifungia nusu ya mlango.

Picha inayobaki ni ya Februari 2, 2011, mjini Pittsburgh. Mechi imebakiza sekunde chache na imeshapotea. Vurugu zinaanza upande wa DiPietro, na kipa wa wapinzani, Brent Johnson, anateleza uwanja mzima kumfuata. Wanavua maski. Ngumi moja ya kushoto. DiPietro yuko chini, mifupa ya uso imevunjika, na alikuwa ndiyo kwanza amerudi uwanjani msimu huo baada ya miaka miwili ya kuuguza. Julai 2013 mkataba ukanunuliwa: milioni 24, zigawanywe kwa miaka 16, milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029. Baadaye akawa mtangazaji wa vipindi vya michezo kwenye redio mjini New York, na hundi ikaendelea kuingia.

Waliojifunza kwa kuchelewa walipata mtihani wa kinyume. John Tavares, nahodha na chaguo la kwanza la 2009, alikuwa anamalizia mkataba wake 2018. Islanders walikataa kumuuza Februari, wakasubiri, na Julai akaenda Toronto bila wao kupata hata senti. Ilipigwa kelele kama msiba. Msimu uliofuata, wakiwa na kocha mpya Barry Trotz, timu iliyokuwa imefungwa mabao mengi kuliko zote ligini ikawa iliyofungwa machache kuliko zote, na 2020 na 2021 walifika nusu fainali. Nani anaweka hilo kwenye orodha ya makosa leo? Wachache, na wanalitaja kwa sauti ya chini.

Chara alichukua tuzo ya beki bora 2009 na kulinyanyua Kombe la Stanley 2011 akiwa nahodha wa Boston. Akaanza kuzeeka kama wenzake. Septemba 2021, akiwa na miaka 44, alisaini mkataba wa msimu mmoja na Islanders, miaka 20 baada ya Milbury kumtoa. Alicheza mechi 72. Timu haikuingia mtoano.