Ukiua mzee ukasema ni mchawi, umri wake uongeze kifungo?

Kule Kilifi kuwa na mvi tu kunaweza kukutoa roho. Mzee anaanza kuitwa mchawi, usiku vijana wanaingia na mapanga, asubuhi ni maiti, na ukichimba kidogo unakuta kuna shamba lilikuwa linagombaniwa kwenye boma hilohilo. Ndio maana Ganze kuna wazee wamejificha Kaya Godoma, kituo cha kuokoa wazee, wamekimbia watoto wao wa kuwazaa! Kisii nako, Oktoba 2021, kule Marani akina mama wanne wazee walichomwa moto.

Sasa kila ikitokea watu wanasema wanyongwe tu. Sawa, hasira naielewa, lakini tuangalie Tanzania kwanza maana Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa sana kwa sababu ya macho mekundu. Kifungu cha 197 kule kinasema ukiua kwa kukusudia ni kifo, basi. Inasikika kali, ila mtu akishakutwa na hatia jaji hana cha kupima, aliyemvizia bibi wa miaka 80 kitandani na aliyemuua mwenzake wa rika lake wanapata adhabu ileile, yaani unyonge wa yule bibi hauhesabiwi popote. Na hajanyongwa mtu tangu 1994. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishasema 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi.

Kenya tulitoka huko 2017 na kesi ya Muruatetu, iliyofuta adhabu ya kifo ya lazima, sasa jaji anaweza kupima. Lakini soma ile orodha ya mambo Mahakama ya Juu ilisema yaangaliwe: umri wa mshtakiwa, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, kama anajuta, kama anaweza kubadilika. Karibu yote ni yake yeye muuaji, na hata 2021 mahakama ilipoongeza jinsi aliyeuawa alivyotendwa na familia yake ilivyoumia, umri wake bado inabidi uingizwe pale mwisho kwenye "mambo mengine". Mi naona hapo kuna pengo, umri wa marehemu ungetajwa waziwazi.

Upande wa pili una hoja na sio ya kupuuzwa. Mawakili wa washtakiwa wanasema hofu ya uchawi ni ya kweli kwa anayeiamini, na hilo si geni, mwaka 1941 kwenye kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishusha kosa likawa kuua bila kukusudia kwa sababu marehemu alikutwa usiku anatambaa uchi uani kwa watu. Haya, hofu ya ghafla ya usiku mmoja naikubali. Ila kikao cha familia, pesa zimechangwa, vijana wametafutwa, hapo hofu iko wapi? Huo ni mpango wa urithi.

Halafu kuna yule kijana aliyetumwa kwa vijihela, hana kazi, ndiye anayekamatwa na panga. Ukimpa miaka 40 gazeti litaandika vizuri lakini aliyemtuma bado anakula mnazi nyumbani. Kwangu mimi aliyetuma apigwe zaidi kuliko aliyetumwa, na akiwa ni mtoto wa marehemu iongezwe tena. Shida nyingine, korti ikiita familia ieleze imeumia vipi, anasimama nani? Wakati mwingine ni walewale waliokaa kikao, wanasema wamesamehe yaishe.

Kinachoweza kuwauma hasa hao waliopanga kipo tayari kwenye Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 96, aliyemuua mtu hapati chochote kwenye mali yake. Ila hicho kinafanya kazi mirathi ikifika kortini, na mashamba mengi ya huku hayana hata hati, yanagawanywa chini ya mwembe kabla hata kesi haijaanza kusikizwa.