Michael Armitage na uchaguzi wa 2017: nani anazitazama picha?

Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi mkuu wa Kenya, Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, alifuatana na wanahabari hadi mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Picha zilizotokana na uchaguzi huo zilitundikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2019, na wahakiki wamegawanyika juu yake.

Wapo wanaomlaumu kwa kuremba. Katika picha yake The Fourth Estate watu wamekwea mti kuufuatilia mkutano, rangi zinawaka, na mpangilio wa mti na watu unatokana na mchoro wa Goya, msanii wa zamani wa Hispania. Wanauliza: hasira za watu ambao baadaye walipigwa risasi na virungu na polisi zinawezaje kugeuzwa ndoto ya kupendeza? Mimi siafiki. Armitage huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti uitwao mutuba ambayo Waganda huwazikia wafu wao. Ina matundu na mishono, naye huiacha ionekane. Jicho likianza kustarehe na rangi, linakutana na tundu. Ni kweli kwamba lubugo aliiona kwanza sokoni Nairobi ikiuzwa kwa watalii kama urembo wa mezani, na anayemshuku kwamba anauza Afrika kwa macho ya mgeni ataishikilia habari hiyo. Lakini nguo ile ameitoa kwenye urembo huo akairudisha karibu na mauti.

Lawama inayonikaa moyoni ni nyingine. The Conservationists, picha yake ya mwaka 2015, iliuzwa mnadani New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Mnadani muuzaji kwa kawaida ni mmiliki, si mchoraji, hivyo kumwita Armitage mlafi ni kumwonea. Hata hivyo kazi zake nyingi ziko ng'ambo, na mtu wa Mathare au Kisumu, walikoandamana wapinzani, aliyeuishi mwaka ule wa 2017 atazionea wapi?

Watetezi wanataja taasisi ya sanaa aliyoianzisha Nairobi, NCAI, iliyofungua milango mwaka 2022 kwa kazi za Sane Wadu, mchoraji wa Kenya. Wanataja pia kwamba mwaka 2021, alipopewa kumbi za Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, aliwatengea nafasi wasanii wa Afrika Mashariki: Wadu, Elimo Njau, Theresa Musoke na wenzao. Huo ni ukarimu wa kweli, nami naupongeza. Lakini wasanii kupata ukumbi ni jambo moja, na waandamanaji kujiona kwenye picha walizochorwa ni jambo jingine. Wanaozimiliki picha za 2017 wangeziazima Nairobi zote kwa pamoja, kiingilio bure, maelezo ukutani kwa Kiswahili, waliokuwa Uhuru Park siku ile nao waseme kama wanajitambua.