Kongosho Si ya Kisukari Peke Yake

Hapa Lamu, kongosho ikitajwa barazani, iwe Mkomani au Langoni, mazungumzo huishia kwenye kisukari. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa maradhi hayo yameingia katika nyumba nyingi, na insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo dawa ambayo wengi wetu tumeiona ikiwekwa kwenye friji kando ya maziwa. Hata hivyo, naona tumeiacha sehemu kubwa zaidi ya habari. Vikundi vya seli vinavyotoa insulini na homoni nyingine, ambavyo mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alivieleza huko Berlin mwaka 1869, ni kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho. Karibu sehemu yote iliyobaki kazi yake ni chakula.

Tuchukue sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wali ni wanga, tui ni mafuta, samaki ni protini. Mate huanza kuuvunja wanga, kisha tumbo hukikoroga chakula hadi kikawa ujiuji wenye asidi kali, ambao utumbo mwembamba hauwezi kuustahimili kwa muda mrefu. Hapo kongosho, kiungo cha urefu wa takriban sentimita 15 kilicholala nyuma ya tumbo, humimina maji yenye bikaboneti ya kuizimua asidi hiyo, pamoja na vimeng'enya, yaani kemikali za kuvunja chakula: amilesi ya kuvunja wanga, lipesi ya kuvunja mafuta, na vingine vya kuvunja protini. Kwa siku moja maji hayo hufikia kama lita 1.5. Kuhusu lile tui, watu wengi huitaja nyongo tu, na kwa maoni yangu hiyo si haki: nyongo huyatawanya mafuta yakawa matone madogo, lakini kinachoyavunja ni lipesi, na nyingi ya lipesi hiyo hutoka kwenye kongosho.

Lakini kongosho hujuaje kuwa chakula kimefika? Mwaka 1902, huko London, wanafiziolojia William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa ya fahamu inayofika kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi ndani yake, na kongosho ikaendelea kutoa maji yake. Ujumbe ulikuwa umesafiri kwa damu. Kemikali hiyo waliiita sekretini.

Kinachonistaajabisha zaidi ni tahadhari iliyomo. Kongosho yenyewe imejengwa kwa protini, nayo hutengeneza vimeng'enya vya kuivunja protini. Kwa hiyo huvitoa vikiwa bado havina nguvu. Kimojawapo, tripsinojeni, hugeuka kuwa tripsini yenye nguvu baada ya kufika kwenye utumbo na kukutana na kimeng'enya cha ukuta wa utumbo wenyewe. Mabadiliko hayo yakitokea mapema, ndani ya kongosho, kiungo hicho huanza kujimeng'enya, na mgonjwa hupata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo visababishi vikubwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, wala asikandwe kwa mafuta nyumbani akisubiri kupambazuke.

Lakini kongosho huweza pia kudhoofika polepole, na hapa ndipo kutojua kwetu kunapotugharimu. Mafuta yasiyovunjwa hutoka na choo, nacho huwa cheupe, chenye kung'aa kwa mafuta, chenye harufu kali na kinachoelea. Mtu hukonda ingawa anakula, na mwili hukosa vitamini A, D, E na K. Haya si mambo ya kuyanyamazia kwa haya, wala ya kununulia dawa ya minyoo mara kwa mara dukani. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha choo, na tiba ipo: vidonge vya vimeng'enya, vinavyomezwa pamoja na chakula ili vikutane nacho utumboni.

Wapo pia waliopata kisukari kwa sababu kongosho yao iliharibiwa na kuvimba kwa muda mrefu. Hao wanaweza kukosa insulini na vimeng'enya kwa wakati mmoja, na akipewa insulini peke yake mgonjwa wa aina hiyo ataendelea kukonda mbele ya sahani iliyojaa. Kwa hiyo mwenye kisukari anayeona dalili hizo za choo amweleze daktari wake waziwazi, hata kama hakuulizwa.