Sekunde 4.6 za Range Rover na barabara ya Segera

Range Rover ya kizazi cha sasa, ile yenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4.4, ina nguvu ya farasi 530 na hutoka kusimama hadi spidi 100 kwa sekunde 4.6. Porsche 911 Carrera iliyotoka mwaka 2019, gari dogo la michezo linalolala chini kabisa, ilitangazwa kwa sekunde 4.2. Tofauti haifiki hata nusu sekunde, na Range Rover ina uzito unaokaribia tani mbili na nusu. Mercedes-AMG G63, yenye umbo kama la sanduku, ina farasi 585 na hutumia sekunde 4.5.

Hapa Tanga mabishano juu ya takwimu za namna hii yana kambi mbili. Ya kwanza inasema ni sifa za kwenye karatasi: ukitoka Raskazone kwenda Ngamiani unakutana na baiskeli, bajaji na matuta, na sheria inataka spidi 50 kwenye makazi, sasa hizo sekunde utazitumia wapi? Ya pili inasema nguvu ni usalama, na anayebisha hajawahi kukwama nyuma ya semitrela kati ya Segera na Chalinze huku gari limejaa watu na mizigo. Kambi ya pili ina haki kubwa kuliko wengi wanavyopenda kukubali. Lakini naona zote mbili zinatazama namba isiyo yenyewe.

Sekunde za sifuri hadi mia hupimwa kwenye lami kavu, gari likiwa jipya na mzigo mdogo. Wamarekani wao hupima hadi maili 60 kwa saa, yaani spidi 96.6, ndiyo maana Range Rover hiyo hiyo huandikwa pia sekunde 4.4. Anayelinganisha magari mawili bila kuuliza kipimo gani kilitumika anabishana bure. Na tena, nani anaanza safari ya Dar kwa kuchomoka kutoka sifuri?

Tuje kwenye magari tunayoyaona kila siku. Shangingi lililozoeleka ni Land Cruiser 200 ya dizeli, V8 ya lita 4.5: farasi 272, uzito takriban tani 2.7. Gawanya, kila farasi anabeba kama kilo 10. Toyota IST ya injini ya 1.3 ina farasi 87 na uzito wa takriban tani moja, kwa hiyo kila farasi anabeba kilo 11 na ushee. Kwa hesabu hiyo tupu, gari la mkurugenzi na gari la mwalimu hazijaachana sana! Range Rover ndiyo iliyo mbali, kwa sababu farasi wake anabeba chini ya kilo 5.

Sasa weka watu watano na mizigo, tuseme kilo 400. IST inapanda hadi kilo 16 kwa kila farasi, shangingi linafika 11 na kidogo. Hapo ndipo kila mtu aliyewahi kuendesha yote mawili anapoelewa kilichomchosha njiani. Halafu kuna nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki. Shangingi hutoa Newton-mita 650 injini ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. IST hutoa 121, tena uipeleke mizunguko 4,400 kwanza. Land Cruiser 300, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeacha V8 ya dizeli ikachukua V6 ya lita 3.3 yenye turbo mbili, yaani vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi, na bado inatoa farasi 304 na toki 700. Waliolia kwamba V8 imekufa walilia mapema.

Faida ya nguvu hiyo inapimika. Tuseme kulipita lori kunakuweka upande wa kulia kwa sekunde 10, wastani wa spidi 100. Unakuwa umekula mita 278. Basi linalokuja mbele kwa spidi 80, kiwango chake cha kisheria, nalo limekula mita 222. Unahitaji nusu kilomita ya barabara iliyo wazi. Ukiwa na gari linalomaliza kazi hiyo kwa sekunde 5, nusu kilomita inageuka mita 250. Kwa hiyo namba ya kuuliza ni muda wa kutoka spidi 80 hadi 120 gari likiwa na mzigo, na katika namba hiyo magari haya makubwa yanastahili heshima. Dereva wa gari dogo lililojaa hana uchaguzi ila kusubiri, na wengi hawasubiri.

Tatizo ni kwamba mwenye nguvu naye hasubiri. Anayeweza kupita ndani ya mita 250 huanza kuziona mita 250 zinatosha, na anapomaliza kulipita lori anajikuta kwenye 140. Kutoka 100 hadi 140 nishati ya mwendo inakaribia kuwa mara mbili. Range Rover kwenye spidi 100 tayari ina nishati mara mbili na nusu ya IST kwenye spidi hiyo hiyo, kwa sababu ya uzito peke yake. Aliye ndani ana mikanda, mifuko ya hewa na chuma kizito. Mwenye baiskeli anayevuka pale Muheza hana chochote. Kambi inayosema nguvu ni usalama inahesabu usalama wa waliomo garini tu, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa la hoja yao.

Njia ya Mombo kwenda Lushoto inaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Land Cruiser ya 70 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ina farasi wapatao 130 ikiwa usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Farasi 18 hivi wanaishia njiani. Zenye turbo hupanda karibu bila kuhisi. Lakini kushuka mita 1,000 ni joto sawa na kulisimamisha gari kutoka spidi 100 mara 25, na turbo haisaidii hapo. Ni gia ndogo na breki. Gari lenye tani tatu pamoja na mzigo huzipa breki joto zaidi ya mara mbili ya IST iliyojaa, na asiyeshusha gia atanusa pedi za breki kabla ya kufika Mombo.

Takwimu za kiwandani ni za gari jipya, na magari yetu mengi yametumika kwingine kwanza. Mnunuzi akitajiwa farasi na sekunde, ainame kwenye tairi. Mwisho wa saizi kuna herufi: T ni mwisho spidi 190, H 210, V 240, Y 300. Kuna pia tarakimu nne za tarehe; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Range Rover ya farasi 530 iliyovalishwa tairi za T za mtumba si gari la sekunde 4.6 tena, na kusimama kwake ndiko kulikoharibika zaidi. Kisha avue gurudumu moja la mbele: diski ya breki huwa imechapwa unene wa chini unaoruhusiwa, na fundi mwenye kipimo atakisoma kwa dakika moja.